Mbegu, vocha na kaunta: kisa cha maduka ya pembejeo Tanzania, 2008 hadi 2014

Kwa mkulima wa Mbozi, Njombe au Songea, Novemba ni mwezi wa kutazama mawingu. Mvua ya kwanza ikishanyesha na udongo ukalowa sawasawa, mahindi yanatakiwa yawe ardhini ndani ya siku chache. Anayechelewa wiki mbili tatu amekwishapoteza sehemu ya mavuno kabla hata hajashika jembe la palizi. Ndiyo maana mkulima haulizi tu kama mbegu bora ipo nchini. Anauliza kama ipo senta wiki hii, ni aina gani, inauzwaje, na kama atapata kilo mbili kwa hela aliyonayo mfukoni. Wa kumjibu ni mwenye duka la pembejeo, yule ambaye kaunta yake iko kati ya mashine ya kusaga na fundi pikipiki.

Kisa ninachokichambua ni mpango wa vocha za pembejeo ulioendeshwa na Serikali ya Tanzania kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14. Mengi yaliyoandikwa juu yake yanahusu mbolea, kwa sababu mbolea ndiyo iliyokula fedha nyingi. Mimi nitabaki kwenye mbegu na kwenye duka. Mpango ule ulionyesha jambo ambalo naona bado hatujalikubali: mbegu humfikia mkulima mdogo kwa mtaji wa mwenye duka, mtaji uliokwisha kugeuzwa mzigo kabla ya mvua. Mtaji huo ukichelewa kurudi, msimu unaofuata mbegu haifiki.

Vocha yenyewe

Mpango ulizaliwa baada ya bei za chakula na mbolea kupanda duniani kote mwaka 2007 na 2008. Tangu 2003/04 serikali ilikuwa ikilipia usafirishaji wa mbolea, ruzuku iliyopitia kwa wafanyabiashara wakubwa. Safari hii ikaamuliwa karatasi ya ruzuku ipewe mkulima mwenyewe, aende nayo dukani. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ikaingia kwa mkopo wa dola milioni 160, na mpango ukapanuka haraka. Msimu wa kwanza ulihudumia kaya zipatazo 730,000. Kufikia 2010/11 zilikuwa karibu milioni 2.

Kaya ilipata vocha tatu: moja ya mfuko wa kilo 50 wa urea, moja ya mbolea ya kupandia, na moja ya mbegu. Ya mbegu, kwa mkulima wa mahindi, ilikuwa ya kilo 10, kiasi cha kutosha ekari moja. Vocha ililipia karibu nusu ya bei na mkulima akaongeza nusu iliyobaki. Waliostahili walichaguliwa na kamati ya vocha ya kijiji, wanawake watatu na wanaume watatu, iliyopigiwa kura kwenye mkutano wa kijiji. Kipaumbele kilikuwa kwa wenye mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, kwa kaya zinazoongozwa na wanawake, na kwa wale ambao hawakuwa na mazoea ya kununua pembejeo. Baada ya misimu mitatu kaya ilitakiwa isimame yenyewe.

Dukani, mkulima alitoa vocha na nyongeza yake ya fedha taslimu, akasaini, akabeba mfuko wake. Mwenye duka alibaki na karatasi. Aliipeleka tawi la benki ya NMB ili alipwe nusu ya pili.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kitovu cha kisa hiki.

Maduka yalitoka wapi

Inafaa kukumbuka kwamba duka la pembejeo la kijijini si taasisi ya zamani sana. TANSEED, kampuni ya mbegu ya taifa, ilianzishwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi mbegu ilifuata njia ya serikali na vyama vya ushirika. Soko lilipofunguliwa na njia hiyo ikadhoofika, vijiji vingi vilibaki bila mtu wa kuwaletea chochote. Pengo likazibwa kidogo kidogo na watu binafsi: bwana shamba mstaafu, mwalimu mwenye akiba, mama wa duka la kawaida aliyeanza na makopo mawili ya mbegu za nyanya na dawa ya kuogeshea mifugo. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ikaweka msingi wa TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora, na mwaka 2006 ukaundwa Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA. Lakini hakuna sheria iliyoweza kuamuru mtu afungue duka Mlowo au Mbinga vijijini. Hilo lilitegemea faida.

Katika miaka hiyo hiyo shirika la CNFA, kwa fedha za AGRA, taasisi ya kuendeleza kilimo Afrika, liliwafundisha wenye maduka namna ya kutunza hesabu, kuhifadhi mbegu na viuatilifu mbalimbali, na kumweleza mkulima kuhusu aina na nafasi za kupandia. Nayaheshimu mafunzo yale. Mwenye duka anayejua kwamba mbegu ya kukomaa mapema haimfai mtu wa nyanda za baridi zenye mvua ndefu anaokoa msimu mzima wa familia kwa maneno mawili. Afisa ugani mmoja ana vijiji kadhaa. Mwenye duka anaonana na watu hao hao kila wiki ya gulio, na wanarudi kumlaumu ana kwa ana mbegu isipoota.

Majirani zetu walikwisha kuliona hili zamani. Mwaka 1964 Kenya ilitoa H611, mahindi chotara yaliyopatikana kwa kukutanisha aina mbili za mahindi, Kitale Synthetic II na Ecuador 573, kazi iliyoongozwa na Michael Harrison kule Kitale. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa 1956 na walowezi kwa ajili ya mbegu za malisho, iliyapitisha mahindi hayo hadi kwenye vijiduka vya vijijini. Katika miaka ya 1970 John Gerhart alichunguza magharibi mwa Kenya, akakuta wakulima wadogo wameyapokea kwa kasi iliyozidi ile ya wakulima wa Iowa, Marekani, walipopata chotara zao katika miaka ya 1930. Mbegu ilikuwa nzuri, ndiyo. Lakini pia mwenye kiduka aliuza mfuko asubuhi, na jioni fedha yake yote ilikuwa kwenye droo.

Hesabu ya mwenye duka

Tuchukue hesabu ya mfano, ili tuone karatasi ile ya vocha ilimfanya nini. Duka linanunua mifuko 200 ya kilo 10 kwa shilingi 36,000 kila mmoja, na bei ya kuuzia ni 40,000. Mtaji uliotoka ni shilingi 7,200,000. Mauzo yote yakienda kwa vocha, wakulima wanaleta taslimu nusu, yaani 4,000,000, na nusu nyingine, 4,000,000, iko kwenye karatasi. Faida kwenye daftari ni 800,000.

Karatasi ikilipwa ndani ya wiki mbili, mambo ni mazuri kupita kawaida. Anauza mifuko ambayo peke yake asingeiuza, na fedha inarudi mapema kiasi cha kufuata mzigo wa pili kabla wakulima hawajamaliza kupanda. Ikichelewa, shilingi 3,200,000 za mtaji wake zimekwama. Kama alizikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kila mwezi unaopita unamla 96,000. Miezi sita inaondoka na 576,000. Mwezi wa nane anabakiwa na 32,000 kati ya ile faida ya 800,000. Mwezi wa tisa ameanza kumlipia mkulima ruzuku kutoka mfukoni mwake.

Na hii ni mbegu peke yake. Mbolea, ambayo ni mzigo mkubwa zaidi na yenye faida nyembamba kwa kila mfuko, ilizidisha shinikizo hilo mara kadhaa.

Malipo yalichelewa, na vocha zenyewe zilichelewa. Zilichapishwa kwa karatasi ya usalama, zikapita mkoani, wilayani, kwenye kata hadi kijijini, na kila ngazi ilikuwa na sahihi na mihuri yake. Katika maeneo kadhaa zilifika mvua ikiwa imekwisha kuanza. Fikiria hali ya mwenye duka mwishoni mwa Oktoba. Hajui vocha ngapi zitakuja kijijini kwake wala zitakuja lini. Akiagiza mifuko 200 na zikaja 80, amebaki na mbegu ambayo mwakani itakuwa imezeeka. Akiagiza 80 na zikaja 200, wakulima 120 wanazunguka na karatasi mkononi huku mvua inanyesha. Kampuni nyingi hazikumpa mali kauli ya kutosha, kwa sababu nazo zilijua benki italipa polepole. Kwa hiyo wengi walifanya ambalo ningelifanya hata mimi: waliagiza kidogo, wakaagiza aina zile zile zinazotoka haraka, na aina mpya za utafiti wakaziacha ghalani Morogoro.

Uharibifu usioandikwa vitabuni

Wizi wa vocha umesemwa sana. Lei Pan na Luc Christiaensen walichapisha mwaka 2012 utafiti wao wa Kilimanjaro, ambako karibu asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Wapo pia wakulima walioshindwa kutoa nyongeza wakaiuza vocha yao kwa hela ndogo, na wapo wenye maduka walioinunua na kuipeleka benki bila mfuko wowote kutoka dukani. Vitendo hivyo ni dhuluma kwa wakulima waliolengwa, na sitafuti kuvitetea.

Kuna uharibifu mwingine wa kimyakimya zaidi, nao unaniuma. Mawakala wa vocha, yaani wauzaji walioruhusiwa kuzipokea, waliteuliwa wilayani. Baadhi walikuwa wafanyabiashara wa msimu: walikuja na vocha, walishusha mzigo kwenye chumba cha kupanga, walipoondoka mlango ulifungwa. Wakati huo duka la siku zote, lililokuwa likiuza mwaka mzima na kukopesha kwa daftari, lilipoteza wateja endapo halikuteuliwa. Watu hawakununua kwa bei kamili huku wakisubiri karatasi. Mpango uliokusudiwa kuimarisha maduka ukayayumbisha yale yaliyokuwa na mizizi. Mteja wa kawaida wa duka lile, aliyekuwa akinunua mfuko mmoja wa kilo mbili kwa hela yake mwenyewe, naye alifundishwa kusubiri. Kurudisha mazoea ya kununua mbegu mapema kunachukua miaka.

Mpango wa vocha ulipofikia tamati, ruzuku ya misimu iliyofuata, 2014/15 na 2015/16, iliacha madeni. Mawakala walidai, suala likafika bungeni zaidi ya mara moja, serikali ikasema lazima madai yahakikiwe kwa kuwa mengine yalibainika kuwa ya uongo. Uhakiki ulikuwa wa lazima. Lakini uhakiki wa miaka haumtofautishi mwizi na mwaminifu kwenye jambo moja: wote wawili wanasubiri, na mwaminifu ndiye mwenye mkopo wa kweli benki. Palikuwa na watu waliouza viwanja na nyumba kulipia mbolea na mbegu ambazo wakulima walikwisha kuzila zikiwa ugali.

Mbegu ikiwa rafuni

Msomaji atauliza: kama fedha ingelipwa kwa wakati, duka lingetosha? Hapana, na hapa lazima tuwe wakweli kuhusu duka lenyewe.

Mbegu ni kitu hai. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa hifadhi, iliyotokana na kazi ya James Harrington, inasema kila nyuzi 5 za joto zinazopungua, au kila asilimia 1 ya unyevu inayopungua ndani ya mbegu, huongeza uhai wake mara mbili. Igeuze kanuni hiyo, uiweke kwenye duka lenye bati tupu bila dari, mifuko ikiegemea ukuta unaopigwa jua la mchana. Mfuko una lebo halali, mbegu ni halisi, na bado mashimo yanabaki wazi shambani, mama anaanza kurudishia wakati wenzake wanapalilia. Atasema ameuziwa feki, na hakuna wa kumbishia.

Uganda imetupa somo hapa. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Tessa Bold walitoa matokeo yaliyotikisa wengi: mbegu chotara za mahindi zilizonunuliwa madukani zilifanya vibaya, kana kwamba chini ya nusu ya kilichomo ndiyo chotara ya kweli. Baadaye, mwaka 2020, Alicia Barriga na Nathan Fiala walipima vinasaba vya mbegu katika hatua za mnyororo wa usambazaji, wakakuta kwa sehemu kubwa mbegu ni ile inayotajwa kwenye mfuko. Walielekeza macho kwenye utunzaji na uhifadhi. Ikiwa tatizo ni utapeli, dawa ni ukaguzi na lebo ya kukwangua, yenye namba ya kuhakiki mbegu. Ikiwa tatizo ni joto na mzigo wa mwaka jana, dawa ni dari, kichanja cha mbao na kampuni inayokubali kurudishiwa mifuko isiyouzwa. Ukaguzi peke yake hautaipoza bati.

Kuna na lile la kufungua mfuko. Mkulima ana shilingi za nusu kilo, mfuko mdogo uliopo ni wa kilo mbili. Mwenye duka anafungua, anapima kwa mzani, anafunga kwenye mfuko mwembamba. Kisheria amekosea, maana mbegu imetengana na lebo yake na hakuna tena anayeweza kusema ilitoka wapi. Kibinadamu amemhudumia mtu ambaye kampuni ilimsahau. Adhabu kwa mwenye duka haitamaliza jambo hili mpaka kampuni zifunge vipimo vidogo vinavyolingana na hela ya watu.

Duka ni mlango mmoja tu

Tulipokuwa wadogo nyumbani, masuke bora ya mahindi yalifungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya moto jikoni, moshi ukiyakausha na kufukuza wadudu. Maharage ya mbegu yalikaa kwenye kibuyu chenye majivu, na ufunguo wa akiba hiyo alikuwa nao bibi. Sisemi hivi kwa kutamani ya zamani. Nasema kwa sababu njia hiyo bado ndiyo kubwa kuliko zote. Shawn McGuire na Louise Sperling, katika uchambuzi wao wa mwaka 2016 uliokusanya taarifa za wakulima wa nchi sita, tano kati yake zikiwa za Afrika, zikiwemo Kenya, Malawi na Kongo, walikuta asilimia 90 ya mbegu inatoka kwenye njia zisizo rasmi: akiba ya nyumbani, majirani, na hasa masoko ya kienyeji, ambayo peke yake yalibeba karibu asilimia 51. Maduka ya pembejeo yalibeba asilimia 2.4.

Takwimu hiyo haimfanyi mwenye duka kuwa mtu mdogo. Inaonyesha kazi yake ni ipi. Mahindi chotara hayarudiwi: ukipanda punje za mavuno yake, mwaka wa pili shamba linatawanyika kwa kimo na masuke. Kwa hiyo mkulima lazima arudi dukani kila mwaka, na duka linaweza kuishi kwa hilo. Maharage, kunde na karanga zinajichavusha zenyewe. Mkulima akinunua mara moja anaweza kukaa miaka mitatu bila kurudi. Mwenye duka hawezi kulipa kodi ya pango kwa mteja wa namna hiyo. Vocha ya kilo 10 iliwasukuma wote, duka na mkulima, zaidi kwenye mahindi, nayo maharage ya bibi hayakuwa na karatasi.

Kwa mazao hayo tunayo njia ya mbegu za kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima waliofundishwa hapo hapo, chini ya usimamizi wa TOSCI, na kuuzwa jirani na zilipolimwa. Ningependa kuona maduka yakiziweka rafuni kwa kamisheni, mfuko wa kilo moja pembeni ya chotara, badala ya kila upande kufanya kazi peke yake. Mwenye kikundi cha uzalishaji ana mbegu lakini hana kaunta. Mwenye duka ana kaunta, na wateja wake Jumamosi ya gulio wanakwenda kununua maharage ya kula sokoni ili wakayapande.

Lililobaki kuamuliwa

Tangu 2022/23 ruzuku ya mbolea imerudi kwa mtindo mwingine: mkulima anasajiliwa, anapata namba, na muamala unafanyika kwa simu dukani. Fedha iliyotengwa msimu ule ilikuwa shilingi bilioni 150. Kufikia 2024/25 mbegu ya mahindi nayo ikaingizwa kwenye ruzuku. Karatasi imeondoka, na kwa hilo nafurahi, kwa kuwa namba ni ngumu zaidi kuuzwa chini ya mwembe kuliko vocha. Muamala wa simu unajulikana Dodoma dakika ile ile mfuko unapotoka.

Kama muamala unajulikana dakika ile ile, basi tarehe ya kumlipa mwenye duka nayo inaweza kuandikwa kwenye mkataba, kwa siku, na riba ikaanza kuhesabiwa upande wa serikali siku hiyo ikipita. Idadi ya mifuko iliyotengwa kwa kila kata inaweza kumfikia Agosti, kabla hajaagiza. Na sharti la kuwa wakala liwe kwamba duka limekuwa wazi miezi yote ya mwaka uliopita, jambo ambalo mtendaji wa kijiji na jirani yeyote wanaweza kulithibitisha bila kamati.

Septemba ndipo mwenye duka anapopiga simu kwa msambazaji. Mahindi ya msimu uliopita yameuzwa, barabara bado kavu, lori linafika. Anafungua daftari, anaangalia anachodai na anachodaiwa, kisha anataja idadi ya mifuko.

Ile idadi anayoitaja kwenye simu ndiyo mbegu ambayo kijiji kitakuwa nayo Novemba.